Mbwa wa Nchi ya Chini na Jua la Machi

Mtu ashukaye kutoka Kianjokoma, penye mashamba ya chai karibu na msitu wa Mlima Kenya, akapita mji wa Embu na kuteremka hata Siakago na Ishiara, huona nchi mbili kwa siku moja. Juu huvaa koti. Chini hutafuta kivuli. Ardhi ya Embu huanzia kwenye vilele vya mlima, mita 5,199, ikashuka mpaka kama mita 515 kando ya Mto Tana, na kwa kila mita 1,000 za kushuka joto huongezeka kadiri ya digrii 6. Upande wa Meru mambo ni yayo hayo: aliyezoea baridi ya Nkubu au Maua hushangaa afikapo Marimanti, katika Tharaka, mwezi wa Februari.

Mwanadamu afanyapo safari hiyo huvua koti lake. Mbwa wake hana la kuvua. Tena mara nyingi hupelekwa chini pamoja na desturi za nchi ya juu, na mojawapo ya desturi hizo ndiyo imwuayo, nayo ni kibanda.

Huko mlimani wenye mbwa wengi huwafungia mchana kutwa katika kibanda kidogo cha mabanzi chenye paa la bati, na kuwafungulia usiku ili walinde boma. Katika nchi ya ukungu na mvua desturi hiyo ina maana yake, ingawa mbwa mwenyewe, kama angeulizwa, labda angekuwa na neno la kusema. Lakini watu walipopata mashamba huko Mbeere, wakalima muguka, ndengu na mtama, kibanda kilishuka pamoja nao bila kubadilishwa hata msumari mmoja. Bati lipigwapo na jua la saa saba huwa kama kikaango, na aliye chini yake hana njia ya kutoka.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi mbwa anavyojipoza. Mwanadamu hutoka jasho mwili mzima, na jasho likaukapo huondoka na joto. Mbwa hutoka jasho kidogo tu chini ya nyayo zake. Tegemeo lake kubwa ni kuhema: hewa hupita juu ya ulimi na ndani ya pua zilizolowa, unyevu ukageuka mvuke, na damu ikapoa. Kazi hiyo yahitaji hewa kavu inayopita. Katika kibanda kilichozibwa, pumzi yake mwenyewe hujaza unyevu ndani, na punde kuhema hakumfai tena. Joto la mwili wake la kawaida ni digrii 38 hadi 39 hivi. Lipitapo 41, ubongo, figo na matumbo huanza kuharibika, na mbwa aliyekuwa mzima saa tano aweza kuwa maiti kabla ya saa tisa.

Mbwa hawalingani katika hatari hii. Mbwa wetu wa kienyeji, mwembamba na mwenye manyoya mafupi, huvumilia kuliko wale wakubwa wenye manyoya mazito wa aina ya German Shepherd, ambao siku hizi hununuliwa kwa fedha nyingi ili kulinda maduka na mashamba. Wenye pua fupi, kama buldogi, ni dhaifu kabisa. Wazee, watoto, wenye mimba na walionenepa waangaliwe pia.

Kivuli na Maji

Si lazima kibanda kibomolewe. Paa liezekwe nyasi nene juu ya bati, na kama yawezekana pawepo nafasi ya shubiri moja kati ya nyasi na bati ili hewa ipite. Ukuta wa upande wa magharibi, upigwao na jua la alasiri, ukingwe kwa matawi au magunia. Mabanzi ya pande nyingine yaachiliwe nafasi za upana wa kidole. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka ardhini. Lakini lililo bora kuliko hayo yote ni kumwondoa mbwa kibandani wakati wa mchana na kumweka chini ya mti, kama mkwaju au mwembe wenye kivuli kizito.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Ikweta hupita karibu na mji wa Meru. Kwa hiyo katika siku za kati ya Machi, na tena katika Septemba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Wakati huo ukuta hautoi kivuli cha kutosha hata kumfunika kuku. Mbwa aliyefungwa asubuhi kando ya ghala, mahali penye kivuli kizuri, saa sita atakuwa juani, na mnyororo ukiwa umejizungusha kwenye nguzo hataweza hata kuyafikia maji yake.

Kuhusu maji, jawabu la kawaida katika nchi kavu ni kwamba hata watu hayawatoshi. Hilo ni kweli kwa nyumba nyingi ambazo maji hufika kwa punda. Lakini na ihesabiwe. Mbwa wa kilo 15 hunywa karibu lita moja kwa siku ya kawaida, na katika joto kali au kazi huenda akahitaji maradufu. Debe moja la lita 20 lamtosha siku kumi za jua kali. Chombo kizuri ni chungu cha udongo kilichozikwa nusu yake chini ya mti: hakipinduki, na maji yake hukaa baridi. Sufuria iliyoachwa juani huchemka, na mbwa huigusa kwa ulimi akaenda zake. Maji yaliyofulia nguo asinyweshwe, ila yanafaa sana kulowesha mchanga atakapolala.

Mbwa aendaye na mbuzi ana taabu ya namna nyingine. Mchungaji akiona mbuzi wamepumzika hupumzika naye, lakini mbwa huendelea kufukuza nyani na kuzunguka kundi. Kabla ya kuvuka mahali pa mchanga au lami, mchungaji na aweke mgongo wa mkono wake chini. Asipoweza kuuacha hapo kwa muda wa kuhesabu hadi saba, nyayo za mbwa zitaungua. Ni heri kundi litoke mapema, na mbwa akae kivulini tangu saa tano hadi saa kumi. Penye mito kama Thuci na Ena aachwe alowe tumbo. Kando ya Tana na mabwawa yake mwenyewe awe macho, kwa sababu ya mamba.

Wa mjini wajue kwamba ndani ya motokaa iliyofungwa vioo, joto laweza kupanda digrii 10 kwa dakika 10 tu. Na watoto wa mbwa wapelekwao sokoni ndani ya gunia, juu ya pikipiki, mara nyingi hufika wamekufa, muuzaji akashangaa.

Je, ni Joto au ni Kichaa?

Sasa tufike penye hatari iliyo kubwa kuliko zote, maana hugusa uhai wa watu pia. Mbwa aliyeshikwa na joto hutokwa na mate mazito, hupepesuka, macho humkodoka, wala hatambui aitwapo. Watu wamwonapo hupiga kelele, "Kichaa!", na kabla ya mwenyewe kufika ameuawa kwa mawe. Kwa upande mwingine, wako wasemao kwamba jua ndilo lililetalo kichaa, nao wakimwona mbwa mwenye kichaa kweli, humpeleka kivulini na kumpapasa mdomo. Makosa yote mawili yana shina moja.

Fikira hiyo ni ya zamani sana. Warumi wa kale walidhani kwamba nyota iitwayo Sirius, nyota ya mbwa, ikichomoza pamoja na jua wakati wa kiangazi huleta joto na kuwatia mbwa wazimu. Lakini kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate, navyo huingia kwa kuumwa. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na mtoto akapona. Katika Kenya ugonjwa huo ulithibitishwa mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi. Jua halina sehemu katika habari hiyo.

Ziko dalili za kutofautisha. Joto hushika ghafula, baada ya jua, mbio au kufungiwa. Mbwa huhema kwa nguvu, mwili wake ni moto, ufizi ni mwekundu sana. Kichaa huja kwa siku kadhaa: mbwa hubadili tabia, huondoka nyumbani, huuma vijiti na watu bila sababu, sauti yake hugeuka, taya huanguka, hawezi kumeza. Watu wengi wameingiza mkono katika kinywa cha mbwa kama huyo wakidhani mfupa umemkwama. Hilo lisifanywe kamwe. Mbwa asiyejulikana, au asiyechanjwa, au aliyeumwa na mwingine miezi iliyopita, asishikwe. Amwagiwe maji kutoka mbali, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa dalili zikishatokea kwa mtu ugonjwa huo karibu daima huua. Chanjo ya mbwa kila mwaka ndiyo iondoayo mashaka, na mpango ambao Serikali ya Kenya iliuanzisha mwaka 2014 ulikusudia kuchanja mbwa 70 katika kila 100, ili ugonjwa ukome ifikapo 2030.

Mbwa wa nyumbani aliyechanjwa, akianguka kwa joto, apozwe pale pale kabla ya kusafirishwa. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, na apepewe kwa kadibodi au ungo. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa. Asifunikwe blanketi lililolowa, maana hilo hushika joto kama kibanda kile. Akiwa hana fahamu asimiminiwe maji kinywani, yataingia mapafuni. Pumzi ikitulia na akiweza kusimama, maji ya kumwaga yakome, naye apewe ya kunywa kidogo kidogo.

Hata akiinuka na kutikisa mkia, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa figo huonyesha madhara yake siku moja au mbili baadaye. Akitapika, akihara damu, au mkojo wake ukiwa mchache na mweusi, asingojewe mpaka kesho yake. Na juma lile mbuzi waende machungani bila yeye.