Betri Kubwa ya Nje ya Kamera

Kamera za zamani zilitumia filamu, na nyingi hazikuhitaji umeme hata kidogo. Mwanga uliingia, dawa iliyopakwa katika filamu ikageuka, na picha ikabaki. Kamera ya dijitali haiwezi kufanya hivyo. Ndani yake mna kibamba cha silikoni kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Tena mna mashine ndogo ya kuhesabu, na kioo cha kuonyesha picha. Vyote hivyo vyataka umeme, nao ukikatika, kamera ni kama sanduku tupu.

Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson, wa kampuni ya Kodak katika mji wa Rochester, Marekani, alitengeneza kamera ya dijitali iliyoweza kuchukuliwa mkononi. Uzito wake ulikuwa kilo 3.6 hivi, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuiandika picha moja katika ukanda wa kaseti kulichukua sekunde 23. Ili kuiendesha kamera hiyo ilimbidi atie betri 16.

Kamera ndogo nyingi zilizokuja baadaye zilitumia mawe mawili tu ya betri, ya ukubwa uitwao AA. Kwa mtu apigaye picha chache, mawe hayo yatosha. Lakini yuko mtu atakaye kuonyesha jinsi ua linavyofunguka, naye hupiga picha kila dakika tangu alfajiri hata jioni. Mawe yakiisha adhuhuri, kazi yake yote imepotea, maana ua halifungi tena ili kumngoja. Wala kuyabadili katikati ya kazi si dawa, kwa kuwa kamera itasogea, na picha hazitalingana. Kwa sababu hiyo watu wengine hujitengenezea betri kubwa, wakaiweka nje ya kamera na kuiunganisha kwa waya.

Yampasa mwenye kuitengeneza afahamu kwanza mambo mawili: nguvu ya kusukuma umeme, ambayo hupimwa kwa volti, na akiba ya umeme, ambayo hupimwa kwa ampea-saa. Mfano wake ni pipa la maji lililowekwa juu ya jukwaa. Jukwaa likiinuliwa, maji hutoka kwa nguvu zaidi. Hiyo ni mfano wa volti. Pipa likiwa pana zaidi, nguvu ya maji haizidi, bali maji hudumu muda mrefu. Hiyo ni mfano wa ampea-saa. Basi kamera yataka jukwaa lilelile, ila pipa lililo pana zaidi.

Jiwe la nikeli, lile linaloweza kuchajiwa tena, hutoa volti 1.2, liwe dogo au kubwa. Mawili yakipangwa kwa kufuatana hutoa volti 2.4. Lakini jiwe la ukubwa wa AA huweka akiba ya ampea-saa 2 hivi, na jiwe nene la ukubwa wa D laweza kuweka 8. Kwa hiyo mawe mawili ya D huisukuma kamera kwa nguvu ileile ya mawe mawili ya AA, na kazi hudumu mara nne. Hata hivyo mnunuzi na awe macho, kwani yako mawe mapana ambayo ndani yake mmefichwa jiwe dogo. Na asome hesabu ya akiba iliyoandikwa ubavuni, kisha alipime mkononi. Jiwe la D lililojaa kweli lina uzito wa gramu 160 hivi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza mtu huangalia katika kitabu cha kamera kama mawe ya nikeli yanakubaliwa. Kisha huchonga vijiti viwili vyenye umbo la jiwe la AA, urefu milimita 50 na unene milimita 14. Kila kijiti hutiwa parafujo katika ncha itakayogusa chuma cha ndani ya kamera, na waya hufungwa katika parafujo hiyo, ukapita katika mfuo uliochongwa ubavuni mwa kijiti na kutoka nje penye mlango. Waya mwekundu ni wa upande wa chanya, na mweusi ni wa upande wa hasi. Mawe ya D hutiwa katika kisanduku, na karibu na mwanzo wa waya mwekundu huwekwa fyuzi. Waya na ziwe fupi na nene, kwa kuwa waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu njiani.

Yako makosa matatu yaletayo hasara. La kwanza ni kugeuza chanya na hasi. Umeme ukipita kinyume waweza kuiua kamera mara moja. La pili ni kuzidisha volti. Jiwe moja la lithiamu hutoa volti 3.7 hivi, na mawili yakifuatana hutoa 7.4, kamera ya mawe mawili ya AA haiwezi kuistahimili nguvu hiyo. La tatu ni kuziacha waya mbili zigusane. Hapo umeme wote hukimbia kwa ghafula, waya huwa moto, na nyumba yaweza kuungua. Fyuzi imewekwa kwa ajili ya hatari hiyo: hukatika yenyewe kabla waya haujaungua.

Basi mtu mwangalifu, kabla ya kutia vijiti katika kamera, huigusa ncha ya kila waya kwa kipima umeme. Akiona volti ni zile alizozitazamia, na chanya iko mahali pake, hufunga mlango na kuanza kazi. Kupima huchukua dakika moja tu, na kamera iliyoungua haitengenezeki kwa urahisi. Tahadhari kabla ya hatari.

MASWALI
1. Kwa nini kamera ya dijitali yahitaji umeme kuliko kamera ya filamu?
2. Eleza tofauti ya volti na ampea-saa kwa mfano wa pipa.
3. Kwa nini mawe mawili ya D hayaiharibu kamera ya mawe mawili ya AA?
4. Fyuzi ina kazi gani?