Unaenda likizo? Panga kazi na malipo ya ofisi kabla hujaondoka

Desemba ikikaribia, wengi wetu tunaanza kuhesabu siku. Kuna wa kwenda ushago, kuna wa kwenda Mombasa, na kuna wa kulala tu nyumbani bila kuweka alamu. Lakini kama wewe ndiye unayeshughulikia malipo ya ofisi, unajua jinsi mambo huenda: siku ya pili tu ya likizo, simu inalia. "Stima imeisha, tokeni tunanunua na laini gani?" Kesho yake, "Saplaya wa maziwa anasema hajalipwa." Halafu inakuja ile simu mbaya kuliko zote: "Si ututumie tu PIN, tutamaliza haraka."

Hapa ndipo pesa hupotea na kazi za watu huharibika. Katika makala hii tutaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kukabidhi malipo ya ofisi ili biashara iendelee, wewe upumzike, na hesabu ziwe sawa ukirudi.

Likizo ni haki, si hisani ya bosi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili kila anapomaliza miezi 12 mfululizo. Siku hizo hazijumuishi sikukuu za umma, siku za mapumziko ya wiki wala siku za ugonjwa.

Sheria hiyo pia inaruhusu likizo igawanywe vipande, mkikubaliana na mwajiri. Lakini isipokuwa mmeafikiana vingine, kipande kimoja kinafaa kuwa angalau wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Kwa hivyo ile tabia ya kuchukua siku mbili hapa, siku tatu pale, halafu mwaka unaisha bado umechoka, si lazima.

Kuna sababu nyingine ya kupenda hizo wiki mbili, na hii tunawaambia hasa wenye biashara. Benki nyingi duniani huwalazimisha wafanyakazi wanaoshika pesa waende likizo ndefu kila mwaka. Si kwa kuwa zinawahurumia tu. Mtu mwingine akikalia kiti kwa wiki mbili, makosa yaliyofichika huonekana: saplaya anayelipwa mara mbili, mfanyakazi hewa, deni ambalo halijaandikwa popote. Mhasibu ambaye hawezi kutoka ofisini hata siku moja si lazima awe shujaa. Huenda ofisi imemtegemea kupita kiasi, na hiyo ni hatari kwake na kwa biashara pia.

Anza wiki mbili kabla: panga malipo mafungu matatu

Chukua kalenda na uandike kila malipo yanayoangukia siku ambazo hutakuwepo. Tuchukue mfano wa karani wa duka la jumla anayeanza likizo Jumatatu tarehe 14 Desemba na kurudi kazini Jumanne tarehe 5 Januari. Ofisi yao inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiondoa wikendi, Krismasi na Mwaka Mpya, atakuwa ametumia siku 14 za likizo. Bado ana 7.

Sasa agawe malipo yake hivi:

*Fungu la kwanza: ya kulipa kabla ya kuondoka.* PAYE ya Novemba inafaa kufika KRA kabla au ifikapo tarehe 9 Desemba, kwa hivyo hiyo anaimaliza akiwa bado kazini. VAT ya Novemba mwisho wake ni tarehe 20 Desemba, siku ambayo yeye atakuwa ushago. Lakini mauzo ya Novemba yanajulikana tangu mwezi ulipoisha. Hakuna haja ya kumwachia mtu mwingine mzigo huo. Awasilishe ritani, atoe namba ya PRN na alipe kabla ya tarehe 11.

*Fungu la pili: ya kulipwa na atakayeshika nafasi yake.* Mishahara ya Desemba, tokeni za stima, maji ya kunywa, boda wa kupeleka mizigo, saplaya wa kila wiki. Haya hayawezi kungoja.

*Fungu la tatu: yanayoweza kungoja.* Invoisi ambayo muda wake wa kulipwa ni mwisho wa Januari, fanicha mpya, kuchapisha kalenda za wateja. PAYE ya Desemba pia iko hapa, kwa sababu mwisho wake ni tarehe 9 Januari na yeye anarudi tarehe 5. Lakini siku nne ni chache, kwa hivyo aache jedwali la mishahara likiwa tayari.

Ukishagawa hivi utaona jambo moja: fungu la pili, ambalo lilikuwa linakutisha, ni dogo kuliko ulivyofikiri.

Acha pesa za kutosha, si zaidi

Matumizi madogo ndiyo huleta simu nyingi. Angalia taarifa ya akaunti ya miezi miwili iliyopita, utapata wastani wa wiki. Tuseme tokeni ni shilingi 1,500, maji ya kunywa 600 na boda 900. Jumla ni shilingi 3,000 kwa wiki. Kwa wiki tatu, acha shilingi 9,000 na kitu kidogo cha gharama za kutuma. Ukiacha 30,000 "kwa dharura", usishangae dharura zikizaliwa.

Kwa mishahara, kumbuka viwango. Kwa sasa mteja wa kawaida wa M-PESA hawezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, wala kupita 500,000 kwa siku. Ofisi yenye wafanyakazi 20 ikitegemea laini ya mtu binafsi inaweza kukwama katikati: kumi wamelipwa, kumi wanangoja kesho, na kesho ni Krismasi. Kama ofisi yenu bado inalipa hivyo, huu ndio wakati wa kuhamia akaunti ya biashara inayolipa watu wengi kwa pamoja. Fanya hivyo mapema, na ulipe mwezi mmoja ukiwa bado ofisini.

PIN haikabidhiwi

Tunaomba usome sehemu hii mara mbili.

Ukimpa mwenzako PIN yako, kila muamala atakaofanya utaonekana umefanywa na wewe. Hakuna rekodi itakayosema, "Hapa alikuwa mwingine." Shilingi 40,000 zikipotea, wewe ndiwe utakayeulizwa, na yeye pia hatakuwa na njia ya kujitetea. Hata kama ni rafiki yako wa miaka kumi, unamtia majaribuni au unamtia mashakani bure. Vilevile usiache laini yako kwenye droo ya ofisi.

Badala yake fanya hivi:

1. Omba mwenye biashara amsajili msaidizi kwenye akaunti au till, kwa jina lake, laini yake na PIN yake mwenyewe.
2. Tenganisha majukumu. Mmoja aandae malipo, mwingine ayaidhinishe. Hata katika ofisi ya watu watatu hili linawezekana: msaidizi anaandaa, bosi anaidhinisha kwa simu yake.
3. Mpe msaidizi uwezo anaohitaji tu. Anayenunua tokeni hahitaji kuweza kuhamisha pesa zote hadi benki.
4. Jaribuni pamoja kabla hujaondoka. Siku mbili za mwisho, yeye alipe na wewe uangalie. Ukimweleza kwa maneno tu, siku ya tatu atakupigia.

Karatasi moja ya makabidhiano

Hatuzungumzii ripoti ya kurasa ishirini. Karatasi moja inatosha, iwe na mambo haya:

- Kila malipo ya fungu la pili: tarehe, kiasi, anayelipwa.
- Namba ya till, au namba ya paybill pamoja na namba ya akaunti, na *jina linalofaa kutokea* kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa tofauti, msaidizi asimame hapo hapo.
- Namba ya mita ya stima. Tokeni ikinunuliwa kwa mita isiyo yenu, mtabaki gizani na risiti mkononi.
- Kazi zilizo nusu njiani: nani ameahidiwa nini na lini.
- Risiti na meseji za malipo zinawekwa wapi.
- Nani anaamua kukiwa na shida: kwanza nani, kisha nani.

Mpe nakala bosi. Wote watatu mkiisoma pamoja kwa dakika kumi, maswali mengi yatajibiwa hapo.

Matapeli nao wanajua uko likizo

Mtu mpya kwenye kiti ni nafasi nzuri kwa mwizi. Hajui sauti za masaplaya na anaogopa kuonekana hajui kazi. Mwambie mapema kuhusu ujanja wa aina hizi:

*"Tumebadilisha till."* Meseji au barua pepe inasema saplaya ana namba mpya ya malipo. Kanuni iwe moja: namba mpya hailipwi mpaka msaidizi apige simu kwa ile namba ya zamani iliyo kwenye karatasi na kuthibitisha. Asipige namba iliyo ndani ya meseji yenyewe.

*"Mimi ni bosi, niko mkutanoni, lipa hii haraka."* Bosi wa kweli hatakasirika akipigiwa simu kuthibitisha. Akikasirika, bado mmelinda pesa zake.

*"Nimekutumia kimakosa, nirudishie."* Kabla ya kurudisha chochote, angalia salio la akaunti, si meseji. Na kama pesa zimeingia kweli, mwambie aliyetuma afuate utaratibu wa kurudishiwa kupitia mtoa huduma, badala ya kumtumia mwenyewe.

*"Napiga kutoka huduma kwa wateja, nisomee PIN."* Sisi hatuombi PIN ya mteja. Hatujawahi, na hatutawahi.

Waambie wateja, kisha zima simu kweli

Wiki moja kabla, tuma meseji fupi kwa wateja na masaplaya unaowasiliana nao sana. Unaweza kuandika hivi:

"Habari yako. Nitakuwa likizo kuanzia Jumatatu tarehe 14 Desemba hadi Jumatatu tarehe 4 Januari. Mambo ya malipo yatashughulikiwa na mwenzangu kupitia namba ya ofisi. Namba zetu za kupokea malipo hazijabadilika. Asante kwa kuelewa."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake: mtu akiwaletea wateja wenu till ya uongo wakati haupo, watakuwa wameshaonywa.

Kubalianeni pia maana ya dharura. Mishahara kukwama ni dharura. Pesa kutoka bila idhini ni dharura. Kutojua stapler iko wapi si dharura. Kama ofisi haiwezi kukaa bila kukusikia kabisa, wekeni saa moja maalum, kwa mfano Jumatano saa nne asubuhi kwa dakika ishirini. Muda mwingine waache meseji.

Ukirudi, usikimbilie kazi mpya

Tenga nusu ya siku ya kwanza kwa hesabu pekee. Toa taarifa ya akaunti ya muda wote ambao hukuwepo na uilinganishe na risiti, mstari kwa mstari. Hesabu yenyewe ni rahisi: pesa ulizoacha, toa zilizolipwa, toa gharama za kutuma, na kilichobaki kilingane na salio. Uliacha 9,000, zimelipwa 7,640, gharama ni 112. Salio linafaa kuwa 1,248. Likiwa 748, shilingi 500 ziko mahali fulani. Zitafuteni leo na msaidizi wako kwa utulivu, maana baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka.

Kisha muombe mwenye biashara aondoe au apunguze uwezo wa msaidizi kama hauhitajiki tena. Usisahau hili. Hata yeye litamlinda. Mshukuru pia, na ukumbuke zamu yake ya likizo itafika.

Na kama unafanya kazi peke yako?

Fundi, mama mboga au ajenti hana wa kumkabidhi karatasi. Wewe lipa madeni unayoweza kabla, waambie wateja tarehe ya kufungua, na hamisha pesa za biashara kutoka kwa laini unayosafiri nayo. Bakisha za safari na matumizi tu. Simu ikipotea kwenye matatu, mtaji wa Januari utakuwa salama.

Ukitaka kumsajili msaidizi au kubadilisha uwezo wa watumiaji wa akaunti yako ya biashara, wasiliana na huduma kwa wateja angalau siku tano za kazi kabla ya safari. Na kama kuna mwenzako ofisini ambaye hajachukua livu tangu mwaka jana, mtumie makala hii.