Paul Robeson, Mwimbaji Aliyezuiwa Kusafiri

Wasikilizaji wangu, leo nitawasimulia habari za mtu ambaye mwili wake ulizuiwa nchini mwake, sauti yake ikavuka bahari peke yake.

Paul Robeson alizaliwa Princeton, Marekani, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akasoma hata akawa mchungaji wa kanisa. Paul naye alipewa elimu nzuri, akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923. Lakini katika ofisi ya mawakili karani mzungu alikataa kuandika maneno yaliyotoka kinywani mwa mtu mweusi. Basi Robeson akaiacha kazi hiyo, akashika uimbaji na michezo ya jukwaani.

Sauti yake ilikuwa nene na ya chini mno. Mwaka 1925, Lawrence Brown akimpigia piano, aliwaimbia watu wa New York nyimbo za dini za watumwa weusi. Akaigiza Othello London mwaka 1930, na tena New York kuanzia mwaka 1943, ambako mchezo huo ulionyeshwa mara 296.

Alipokuwa akikaa London alijifunza lugha za Kiafrika, na Kiswahili kikiwa mojawapo. Katika sinema yake ya mwaka 1935, Sanders of the River, Jomo Kenyatta alionekana katika nafasi ndogo. Baadaye Robeson aliilaumu sinema hiyo kwa kuwa ilitukuza utawala wa kikoloni.

Alipinga hadharani mauaji ya watu weusi waliouawa na makundi bila hukumu. Aliisifu Urusi pia, na hapo, kwa maoni yangu, alifumba macho asione mabaya yake. Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Akatakiwa kutia sahihi kwamba yeye si mkomunisti. Akakataa, kwa kuwa aliona kwamba itikadi ya raia si shauri la mtoa pasipoti. Kumbi za nyimbo zikamfungia milango. Mwaka 1952, alipokwisha kuzuiwa asiingie Kanada, alisimama juu ya lori mpakani, akawaimbia watu wa pande zote mbili.

Wachimba makaa ya mawe wa Wales walikuwa rafiki zake wa zamani. Wakamwalika kwenye tamasha lao la Porthcawl mwezi wa Oktoba 1957, nao walijua hakika kwamba hawezi kuja. Basi Robeson akaingia katika chumba cha kurekodia New York, na sauti yake ikapita katika waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki mwaka mmoja tu kabla yake. Maelfu ya watu walikaa ukumbini wakimsikiliza mtu wasiyemwona. Alipokwisha kuimba, nao wakamwimbia kwa waya ule ule.

Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haina ruhusa ya kumnyima mtu pasipoti kwa sababu ya itikadi zake. Robeson akarudishiwa yake, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo alikuwa Wales, ana kwa ana na wenyeji wake. Alikufa Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.