Macho Yanapotazama Patupu

Jumapili moja nilikwenda na familia yangu Coco Beach, hapa Dar es Salaam. Maji yalikuwa yamejaa na watu walikuwa wengi. Nikaachiwa watoto watatu waliokuwa wakiogelea, wawili wangu na mmoja wa jirani. Mara mama watoto akanijia juu: "Baba Neema, watoto wako majini, wewe unakodolea maji matupu!"

Sikuwa na jibu. Kweli macho yangu yalikuwa katikati yao, mahali pasipo na mtoto. Lakini wote watatu nilikuwa nawaona.

Baadaye nilipitia maandishi ya wataalamu wa saikolojia, nikakuta nina watetezi. Mwaka 1988 Zenon Pylyshyn na Ron Storm, huko Kanada, walionyesha kuwa mtu anaweza kufuatilia vitu vinne au vitano vinavyotembea ovyo miongoni mwa vingine vinavyofanana navyo kabisa. Je, wakati huo macho yanatazama wapi? Mwaka 2008 Hilda Fehd na Adriane Seiffert, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walipima kwa mitambo inayofuata mboni. Wakakuta kwamba watu huyatuliza macho katikati ya kundi kwa muda mrefu kuliko wanavyotazama kitu chochote kimoja, hata kama pale katikati hapana kitu.

Sababu haiko mbali. Nyosha mkono, tazama ukucha wa dole gumba. Eneo linaloonekana barabara kwa mara moja halizidi sana upana huo. Kwingine kote jicho huona kwa ukungu, ila kitu kikisogea hulitambua hilo upesi. Tena kila jicho linaporuka kutoka hapa hadi pale, kwa nukta hiyo karibu halioni kitu. Mwenye kurusharusha macho hupoteza mengi njiani.

Basi nikaanza kutamba nyumbani. Sikutamba sana.

Mwaka huohuo wa 2008, Gregory Zelinsky na Mark Neider, nao wa Marekani, waliwaonyesha watu picha ya kompyuta ya papa tisa wakiogelea, wakawataka wafuatilie mmoja hadi wanne. Waliofuatilia wawili walitazama katikati, kama mimi. Waliopewa wanne waliacha katikati, wakawa wanarusha macho kutoka papa hadi papa. Kwa papa mmoja hadi watatu walipatia zaidi ya mara 92 katika kila 100. Kwa wanne wakashuka hadi 78.

Kwa papa wa kwenye kioo si neno. Kwa watoto, msikilizaji, hesabu hiyo ilinikosesha usingizi. Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, huzama kimya. Ule ukungu wa pembeni mwa jicho, hodari wa kunasa kinachosogea, hauwezi kukuonyesha uso wa mtoto aliyeishiwa pumzi. Kwa hiyo kutulia katikati pekee hakutoshi. Lazima kila mara umwendee kwa macho mmoja mmoja, na kwanza yule anayekaribia kufichwa na wimbi au na kundi la watu.

Tuliporudi ufukweni watoto walikuwa watano. Mama Neema akachukua wawili, mimi watatu, na gazeti likabaki ndani ya kikapu.