Msanii anayepangiwa kazi na majira

Tarehe 28 Aprili 1987, mchongaji wa Kiingereza Andy Goldsworthy alichuma maua ya njano kwenye ukanda wa nyasi unaotenganisha njia mbili za barabara kubwa, karibu na kijiji cha West Bretton, Yorkshire. Ni maua ya dandelioni, ambayo wenye bustani wa huko huyang'oa kama magugu. Aliyataka yakiwa ndiyo kwanza yamechanua, hata moja lisiwe limeanza kutoa mbegu, na yasiwe yamechakazwa na upepo wala mvua. Sharti hilo liko kwenye maelezo aliyoambatanisha na picha ya kazi ile. Angewahi, angekuta vitumba; angechelewa, angekuta manyoya meupe yakipeperuka.

Naanza na maua hayo kwa sababu yanaonyesha jinsi mtu huyu anavyofanya kazi. Wachoraji wengi wa Ulaya wamechora theluji, machipukizi na majani yanayopukutika, kisha wakamalizia picha zao ndani ya nyumba wakati wowote walipopenda. Goldsworthy hachori majira. Anashika kile ambacho majira yamemletea siku hiyo na mahali hapo, na kikishaondoka hana la kufanya ila kungoja mwaka mwingine. Wanafunzi wa sanaa huniuliza mara kwa mara msanii anapata wapi wazo. Ukimtazama Goldsworthy, jibu ni la mikono zaidi kuliko la kichwa: anatoka nje asubuhi, anaangalia kuna nini, anakadiria kitadumu kwa muda gani, anaanza.

Alizaliwa mwaka 1956 Cheshire, akakulia Leeds, na tangu akiwa na miaka 13 alikuwa akifanya vibarua mashambani. Mwenyewe amewahi kuilinganisha kazi yake ya sanaa na kuokota viazi: unarudia tendo moja hadi mwili unapopata mwendo wake. Alipokuwa akisoma sanaa kaskazini-magharibi ya Uingereza alivutwa zaidi na ufukwe wa ghuba ya Morecambe kuliko chumba cha darasa. Huko, alichojenga mchangani asubuhi maji yalikuja kukichukua. Tangu katikati ya miaka ya 1980 anaishi Penpont, kijiji kidogo cha Dumfriesshire, kusini mwa Scotland, na kazi zake nyingi zimefanyika mahali anapoweza kufika kwa miguu kutoka nyumbani.

Sisi tulio karibu na ikweta hatuna budi kujikumbusha mahali pale pana kalenda ya aina gani. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana. Januari na Julai jua linazama karibu wakati ule ule, na mwaka wetu unapimwa kwa mvua na pepo, masika na vuli, kaskazi na kusi. Penpont iko karibu nyuzi 55 kaskazini. Katikati ya baridi mchana una kama saa 7 tu, na jua halipandi juu. Linatambaa karibu na upeo wa macho na vivuli vinakuwa virefu hata adhuhuri. Katikati ya kiangazi mchana unazidi saa 17. Mtu anayeishi hapo mwaka mzima anapata vifaa tofauti, mwanga tofauti na muda tofauti wa kufanya kazi, bila kuhama kijiji.

Baridi ndiyo inayoonyesha ufundi wake waziwazi, na kazi ninayopenda kuieleza ni nyota ya barafu aliyoitengeneza Januari 1987 kwenye mto Scaur, hapo hapo Penpont. Maji yanayochuruzika kwenye miamba usiku wa baridi kali huganda yakining'inia kama mishumaa, manene juu, membamba chini. Goldsworthy aliivunja mishumaa hiyo na kuiunganisha kwa ncha zake nene mpaka ikatoka nyota yenye miale pande zote. Hakutumia gundi wala waya. Ncha nene huchovywa kwenye theluji, kisha kwenye maji, halafu inabanwa mahali pake na kushikiliwa mpaka iume. Theluji ina kazi mbili hapo. Chembe zake zinanyonya maji yasidondoke, na baridi yake inayafanya yagande upesi. Mwale ukiwa mzito anauegemeza kwa kijiti chenye panda mpaka kiungo kikaze.

Kinachofuata ndicho kigumu. Kijiti nacho kimegandia barafu, na ukikivuta kwa nguvu unang'oa mwale mzima. Basi anakipulizia pumzi ya moto, taratibu, mpaka kiachie. Pumzi ikizidi, kiungo alichokingoja kinayeyuka. Filamu ya Rivers and Tides, iliyotengenezwa na Thomas Riedelsheimer na kutoka mwaka 2001, inamwonyesha akifanya kazi ya aina hii kwenye pwani ya Nova Scotia, Kanada, akiikata barafu kwa meno ili vipande vikae sawasawa. Mtazamaji anaona jambo ambalo picha haiwezi kulieleza. Kazi inaanza gizani, kwa sababu saa za kabla ya mapambazuko ndizo zenye baridi ya kuaminika. Jua lilipoifikia ile barafu, iliwaka mwanga ndani yake, na jua hilo hilo ndilo la kuiyeyusha.

Mara mbili alijaribu kuihamisha baridi aipeleke kwenye kiangazi. Mwaka 1989 aliweka mabonge 18 ya theluji ndani ya jengo moja Glasgow, na usiku wa kuamkia 21 Juni 2000 mabonge 13 makubwa yalishushwa kwenye mitaa ya London kutoka kwenye maghala ya ubaridi yalikokuwa yamehifadhiwa. Ndani ya kila bonge alikuwa ameficha kitu: sufu ya kondoo, manyoya ya kunguru, shayiri, matunda ya porini, hata seng'enge. Watu walipokuwa wakienda kazini, theluji iliendelea kuyeyuka na kuachia shehena yake kwenye lami. Ni kazi iliyohitaji magari na mipango mingi, tofauti na nyota ya mtoni, lakini nadhani imefanikiwa, kwa sababu vitu vya shambani vilitokea mahali ambapo watu wamesahau kwamba mkate na sweta vinatoka shambani.

Majira ya kuchipua ni ya maua na mabua mateke, na miiba ndiyo misumari yake. Kiangazi nakipitia haraka. Kazi zake nyingine zisizotegemea sana majira, kama mawe mekundu anayoyatoa mtoni na kuyasaga mpaka yawe unga, zinastahili makala yake. Niseme tu kwamba wekundu ule ni wa chuma kilichoshika oksijeni, jamaa ya wekundu unaopaka viatu vyetu kila mahali penye udongo mwekundu.

Mapukutiko yanataka maelezo zaidi, maana sisi tumezoea kuyaona kwenye kalenda za ukutani tu. Jani huwa kijani kwa sababu ya klorofili, na mti huendelea kuitengeneza mpya jua linapokuwepo. Mchana ukifupika, mti unaacha. Klorofili inavunjika, na njano inatokeza; ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu. Wekundu una asili nyingine. Katika miti mingi hutengenezwa wakati huo huo wa mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. Kwa hiyo rangi za mwaka huu si lazima zifanane na za mwaka jana.

Goldsworthy huyapanga majani hayo kwa rangi, jani moja moja, kutoka njano iliyopauka hadi nyekundu iliyoiva, au kutoka nyekundu hadi karibu nyeusi. Anayalowesha kwa maji au kwa mate na kuyabandika juu ya jiwe, au anayashona kwa miiba na vikonyo yawe utepe mrefu, kisha anauachia mto uuchukue. Jani bichi la maji linashika. Likikauka linajikunja na kudondoka. Ukiona jiwe lote limevikwa njano bila mwanya, ujue hewa siku hiyo ilikuwa na unyevu na upepo ulikuwa umetulia.

Mti aliourudia sana ni elm. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1970, mamilioni ya miti hiyo imeuawa na ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na mbawakawa. Karibu na kwake kuna mmoja ulioanguka juu ya kijito, na kwa miaka mingi amekuwa akiurudia katika majira tofauti: ufa wa shina umejazwa majani ya njano, tawi limepambwa theluji. Hapo msimu si mapambo. Ile njano anayoitumia inazidi kuwa adimu kila miti mingine inapokufa, naye anajua.

Wako wahakiki wanaosema kwamba kinachobaki kwa mtazamaji ni picha nzuri tu. Sikubaliani nao. Tangu alipokuwa mwanafunzi amekuwa akiipiga picha kila kazi, ikifaulu isifaulu, na kuandika tarehe, mahali na hali ya hewa. Zikisomwa kwa mfuatano, kumbukumbu hizo zinageuka daftari la miaka hamsini la mtu mmoja akifuatilia bonde moja. Wafinyanzi wetu wanao ujuzi wa namna hiyo, maana wanajua chungu kilichofinyangwa masika kinachelewa kukauka na kuni mbichi hazichomi vizuri. Ujuzi wao hauandikwi, na ungefaa kuandikwa.

Katika kazi zake zote, moja inawezekana kwetu bila kubadili kitu. Anaiita kivuli cha mvua. Mvua ikikaribia analala chali juu ya jiwe au lami kavu, anatulia, matone yanamwangukia, na pembeni mwake panalowa. Kisha anainuka. Alipolala pamebaki pakavu, umbo la mtu mzima, na picha inapigwa kabla matone hayajalijaza. Kwenye baridi anayo ndugu yake: anasimama shambani alfajiri penye umande ulioganda, ule ambao watu wa Kitulo na Kinangop wanaujua, na jua linapochomoza kivuli chake kinaulinda usiyeyuke, huku eneo lote jirani likigeuka kijani.

Mwenye kutaka kujaribu achague sakafu ya saruji isiyo na mteremko, asiwe amevaa nguo inayoshikilia maji, na angoje manyunyu. Mvua ya masika ikishapamba moto haifai, inalijaza umbo kabla mtu hajasimama sawasawa. Zile mvua za vuli zinazoanza kwa matone machache machache ndizo nzuri. Mtu wa pili asimame na simu karibu na miguu yako, upande ambao kivuli chake hakitaingia kwenye picha. Na ulale mapema, kabla ya tone la kwanza, kwa sababu pakishalowa chini ya mgongo wako, hakuna umbo litakalobaki.