Kitamu Kinachosubiri Treni: Biashara ya Vya Kushushia Kutoka Kisaki Hadi Morogoro Mjini

Mlaji aliyemaliza sahani ya wali na samaki hainuki hapo hapo. Hunawa, huegemea kiti, kisha hutazama huku na huku akitafuta kitu cha kushushia. Ni wakati huo mfupi ndio unaotofautisha mgahawa unaoganga njaa na mgahawa unaotengeneza faida. Wali una bei inayojulikana na kila jirani anaupika, lakini kitamu cha baada ya mlo mteja hakihesabu katika bajeti yake. Hukilipia kwa chenji iliyobaki mkononi.

Biashara hii ya chenji ndiyo tunayoiangalia wiki hii katika mkoa wa Morogoro, tukianzia mahali ambapo wawekezaji wengi hawapafikirii, yaani Kisaki. Swali ni moja: mwenye mtaji mdogo, aweke fedha zake katika kitamu cha aina gani?

MJI WA WAPITA NJIA

Kisaki ipo kusini mwa milima ya Uluguru, katika tambarare ya Ukutu, kando ya reli ya TAZARA na karibu na mpaka wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Kulisha wasafiri si jambo geni katika tambarare hii. Burton na Speke walipopita Ukutu mwaka 1857 walikuta Zungomero ikiwa kituo kikubwa cha misafara, mahali pa wapagazi kupumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea na safari ya bara.

Misafara ilikwisha, ikaja reli. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, na urefu wake kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia ni kilomita 1,860. Kwa miaka mingi treni ya abiria ya masafa marefu iliondoka Dar es Salaam mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Kwa kituo kama Kisaki hizo ndizo zilikuwa siku za gulio, kwani madirisha ya mabehewa hufunguka, abiria hutoa mkono na mwuzaji hunyanyua sinia.

Soko la namna hiyo lina uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba wateja huja wengi kwa mara moja, wana njaa, na hawana muda wa kupatana bei. Ubaya ni kwamba ratiba haipo mikononi mwa mwuzaji. Treni za TAZARA zimejulikana kwa kuchelewa kwa saa nyingi, na kuna vipindi ambapo safari zimepungua au kusimama kwa uhaba wa vichwa vya treni. Mwuzaji aliyekata mananasi saa kumi jioni akisubiri treni inayofika usiku wa manane ameshapata hasara kabla ya kuuza kipande kimoja.

KAPU LIMEJAA, LAKINI MBICHI

Jambo la kushangaza ni kwamba karibu kila kinachohitajika kutengeneza vitamu kinapatikana ndani ya mkoa huu. Tambarare za Kisaki hutoa mpunga na ufuta. Miteremko ya Uluguru upande wa Matombo na Kinole hutoa ndizi, mananasi, mafenesi, nazi na viungo kama mdalasini, karafuu na pilipili manga. Juu zaidi, Mgeta, hupatikana mapichi na stroberi, pamoja na maziwa ya mbuzi wa kisasa ambao Chuo Kikuu cha Sokoine kilisaidia kuwaeneza tangu miaka ya 1980. Sukari nayo haiko mbali, maana viwanda vya Kilombero, Mtibwa na Mkulazi vyote vimo mkoani Morogoro.

Pamoja na utajiri huo, sehemu kubwa ya mazao haya huondoka yakiwa ghafi. Ufuta huenda mnadani na kusafirishwa nje, hasa Asia. Ndizi hupakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam. Mkulima wa ufuta hununua biskuti ya kiwandani ampe mwanawe, wakati ufuta, sukari na iliki vingemtosha kupika kashata nyumbani na nyingine akauza.

Mapishi yenyewe yanajulikana. Mchele huzaa vitumbua na mkate wa kumimina. Ufuta, karanga na nazi huzaa kashata. Unga wa ngano huzaa visheti, kaimati na maandazi. Kwetu vitu hivi havikuzoeleka kuwa sehemu ya mwisho ya mlo kama ilivyo Ulaya. Huliwa na chai asubuhi, na kahawa chungu jioni, au wakati wa kufuturu. Lakini desturi ya kula nje imepanuka tangu miaka ya 1980, mama lishe walipoenea mijini, na mlaji wa leo anataka kumalizia mlo wake papo hapo bila kuhamia kijiwe kingine.

HESABU YA SINIA MBILI

Tuchukue mfano wa wauzaji wawili wanaolenga treni. Bei hizi ni za kukadiria tu, na msomaji abadilishe kulingana na soko la kwake.

Wa kwanza anauza matunda yaliyokatwa, yakiwa kwenye vikombe na barafu kidogo. Matunda, vikombe na barafu vinamgharimu shilingi 18,000. Anapata vikombe 30, anauza shilingi 1,000 kila kimoja. Akimaliza vyote anakusanya 30,000, faida 12,000.

Wa pili anauza kashata za ufuta. Ufuta kilo 2 kwa 4,000 ni 8,000. Sukari kilo moja na nusu kwa 3,000 ni 4,500. Mkaa, iliki na karatasi ni 2,500. Jumla 15,000. Anapata vipande 110, anauza shilingi 200 kila kimoja. Akimaliza anakusanya 22,000, faida 7,000.

Kwa siku moja nzuri, matunda yanashinda kwa mbali. Hapo ndipo wengi huishia kuhesabu, nao wakakimbilia matunda.

Sasa tuchukue siku nne za treni. Mbili zinakwenda vizuri, na mbili treni inachelewa, wauzaji wakauza nusu tu ya mzigo. Mwenye matunda anapata faida 24,000 kwa siku mbili nzuri. Katika siku mbaya anakusanya 15,000 kwa gharama ya 18,000, na vikombe vilivyobaki vinatupwa. Anapoteza 3,000 kila siku, yaani 6,000. Mkononi anabaki na 18,000.

Mwenye kashata katika siku hizo nne anauza vipande 330, sawa na mapishi matatu, faida 21,000. Nusu iliyobaki siku ya treni mbovu ameifunika kwenye ndoo kavu na kuiuza siku inayofuata. Na kama siku hizo mbili mbaya treni haikufika kabisa, mwenye matunda amekula hasara ya jumla ya 12,000, wakati mwenye kashata bado ana faida ya 14,000.

Fundisho ni kwamba katika soko ambalo mteja hana saa ya kufika, faida haipimwi kwa utamu wala kwa bei ya kipande. Inapimwa kwa muda ambao bidhaa inaweza kusubiri bila kuharibika. Kashata, visheti na ubuyu husubiri. Vitumbua husubiri hadi jioni. Matunda yaliyokatwa na aiskrimu havisubiri.

BARAFU INATAKA UMEME

Wapo watakaouliza: mbona aiskrimu imetajirisha watu? Ni kweli. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na leo aiskrimu ya Azam inauzwa kwa baiskeli karibu kila mji nchini. Lakini tuangalie kilichosimama nyuma ya ile baiskeli: kiwanda, magari ya baridi, majokofu ya wakala na umeme wa uhakika. Mwenye baiskeli hahitaji mtaji wa baridi, kwa kuwa mwingine ameshaubeba.

Mfanyabiashara wa Kisaki anayenunua friza kwa mkopo anaubeba mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nchi ilikuwa katika mgao wa umeme, na waliokuwa na friza wanakumbuka hasara yake. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na limeongeza sana umeme katika gridi. Hata hivyo umeme kuwapo kwenye gridi ni jambo moja, na umeme kutokatika dukani ni jambo jingine. Anayetaka friza apige kwanza hesabu ya siku ngapi kwa mwezi umeme hukatika mtaani kwake, na mzigo wa siku moja una thamani gani.

SUKARI ISIMSAHAULISHE MTU

Kitamu kikavu nacho kina hatari yake, nayo ni sukari. Mvua kubwa za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, na mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika. Bodi ya Sukari ikatangaza bei kikomo ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea eneo, lakini madukani wengi walinunua kwa zaidi ya 4,000.

Turudi kwenye mfano wetu. Sukari ikipanda kutoka 3,000 hadi 4,500, gharama ya mapishi moja inaongezeka kwa 2,250, na faida ya 7,000 inashuka hadi 4,750. Karibu theluthi imeondoka. Kupandisha bei ya kipande kutoka 200 ni vigumu kwa sababu mteja analipa kwa chenji. Mwenye busara huweka akiba ya sukari ya mwezi mmoja kiwanda kinapozalisha, kwa kuwa viwanda husimama msimu wa masika na bei hupanda wakati huo. Sukari ikihifadhiwa pakavu haiozi.

MOROGORO MJINI

Kwa mwenye mtaji mkubwa kidogo, soko la kudumu lipo Morogoro mjini. Kuna wanafunzi wa Sokoine na Mzumbe, kuna Soko Kuu la Chifu Kingalu na stendi ya Msamvu. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme imeunganisha mji huu na Dar es Salaam kwa safari isiyofika saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000. Mtu anaweza kuja kula mchana na kurudi jioni. Lakini mabehewa ya treni hii hayafungui madirisha, hivyo sinia la kituoni halina kazi. Mteja lazima avutwe akae mezani, au bidhaa ifungwe vizuri aibebe kama zawadi.

Hapo ndipo Kisaki na Morogoro zinapokutana. Kashata na visheti vinavyoweza kusubiri treni vinaweza pia kustahimili barabara ya Kisaki–Mvuha–Bigwa, ambayo vumbi na tope lake wenye magari wanalijua. Ndizi mbivu na vitumbua haviwezi.

Anayetaka kuuza kwenye maduka ya mjini ajiandae na taratibu. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa ubora na usalama wa chakula uko chini ya TBS, na wajasiriamali wadogo wanaweza kuanzia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, kwa mafunzo na ushauri wa vifungashio. Mwaka huo huo wa 2019, tarehe 1 Juni, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku, kwa hiyo gharama ya kifungashio halali iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

USHAURI WETU

Mwenye shilingi 50,000 asianze na friza. Aanze na sufuria, ndoo yenye mfuniko na kitamu kimoja anachokijua vizuri. Auze kituoni siku za treni, kwa mama lishe siku za kawaida, na aongeze mapishi wakati wa Ramadhani na msimu wa harusi. Mama lishe ambaye hana muda wa kupika kashata atafurahi kuziuza kwa kamisheni, kwani zinambakiza mteja mezani na kumfanya aagize chai.

Baada ya miezi mitatu ya kuandika mauzo kila siku kwenye daftari, ndipo afikirie matunda, juisi na barafu. Wakati huo atakuwa anajua wateja wake hufika saa ngapi, na ataweza kuuza bidhaa isiyoweza kuwasubiri.