Adabu za Hewani: Maisha ya Chama cha Redio ya Ridhaa

Wako watu katika nchi nyingi ambao hawakuajiriwa na shirika lolote la utangazaji, wala hawalipwi hata senti moja kwa kazi yao, na ambao hata hivyo hukesha mbele ya mitambo yao ya redio wakiita na kuitikiwa na watu wasiowajua kwa sura, walio ng'ambo ya bahari na milima. Nao ndio waitwao wanaredio wa ridhaa. Serikali huwatahini katika elimu ya umeme, ya mawimbi na ya sheria, na wakifuzu huwapa rukhsa pamoja na alama ya wito, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H, kwa Kenya 5Z, kwa Uganda 5X na kwa Oman A4, hata yeyote aisikiaye alama hiyo akatambua papo hapo sauti yatoka nchi gani. Nimependa kuandika habari zao kwa sababu naona husifiwa kwa upande mmoja tu. Husifiwa kwa ustadi wa mitambo, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini lililoifanya fani hii idumu zaidi ya miaka mia moja ni adabu, na adabu hiyo mtu haipati katika kitabu cha mtihani, huipata chamani, kwa kukaa na waliomtangulia.

Msomaji aweza kuuliza adabu yahusu nini katika mambo ya nyaya na umeme. Yahusu sana, kwa kuwa nafasi ni finyu na watu ni wengi. Katika sehemu yetu ya dunia, ambayo kwa hesabu za redio hukusanya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, mkanda uitwao wa mita 40 huanzia megahezi 7.0 na kukomea 7.2, na kwa vile sauti ya mtu mmoja huchukua karibu kilohezi tatu, mkanda mzima hauenei hata sauti sabini kwa wakati mmoja, ilhali sehemu yake imewekewa wapigao Morse na watumiao kompyuta. Na usiku, mawimbi hayo yanaporudishwa ardhini na tabaka za juu za anga, mtu wa Tanga huwa jirani wa mtu wa Athens na wa Muscat, apende asipende. Hakuna askari asimamaye hapo kuwapanga. Wakipangana, wamejipanga wenyewe.

Wala mikanda hiyo hawakuipata kwa upendeleo. Mwaka 1912, baada ya kuzama kwa meli ya Titanic, Marekani ilitunga sheria iliyowasogeza watu wa ridhaa katika mawimbi yasiyozidi mita 200, ambayo mabingwa wa zama zile waliyadhania hayana manufaa kwa masafa ya mbali. Wao wakayachunguza kwa subira, kila mmoja kwa mtambo aliouunda kwa mikono yake, hata ilipofika Novemba 1923 Léon Deloy, aliyekuwa Nice nchini Ufaransa, akazungumza kwa Morse na Fred Schnell aliyekuwa Connecticut, Marekani, kwa mawimbi yenye urefu wa kama mita mia moja hivi, na hayo yakawa mazungumzo ya kwanza ya watu wa ridhaa kuvuka Atlantiki kwenda na kurudi. Mwaka 1925 wakaunda mjini Paris muungano wao wa kimataifa, ambao mpaka leo huwasemea katika mikutano ya mataifa mikanda inapogawanywa.

Basi kaida ya kwanza afundishwayo mwanachama mpya ni kunyamaza na kutega sikio. Akishaona masafa ni kimya haruhusiwi kuruka na kuanza kuita, bali hupiga hodi kama apigavyo mtu mlangoni pa wenyewe: hutaja alama yake na kuuliza kama pana watu, husubiri, huuliza tena, na asipojibiwa ndipo huita. Mpiga Morse hufanya vivyo hivyo kwa herufi tatu tu, QRL, na alama ya kuuliza. Sababu ya kuuliza, ingawa sikio halisikii kitu, ni tabia ya mawimbi yenyewe: mawimbi mafupi huruka juu ya nchi za karibu na kushuka mbali, hivyo yawezekana watu wawili wanazungumza hapo hapo, mmoja wao humsikii kabisa, na wa pili ndiyo zamu yake ya kusikiliza. Asiyelijua hili huwakatiza wenziwe naye akidhani yu peke yake. Kadhalika mtu anayetaka kuurekebisha mtambo wake hatupi mlio wake hewani na kuwasumbua watu. Huufunga mtambo kwenye kikinzani kinachoumeza umeme wote na kuugeuza joto, akamaliza marekebisho yake bila ya jirani kujua.

Shughuli ambayo kwayo adabu hizi huonekana zaidi ni mkutano wa hewani, ambao chama huuweka siku na saa maalumu kila juma. Mmoja wao huwa mwongozaji. Huufungua kwa kutaja alama yake na makusudio ya mkutano, kisha, kabla ya salamu zozote, huuliza kama yuko mwenye ujumbe wa dharura. Asipotokea, huwaita wanachama kwa zamu na kuziandika alama zao. Mwongozaji mwema huwatanguliza wenye sauti hafifu, wale watumiao betri ya gari au antena ya kuungaunga, kwa kuwa huenda baada ya robo saa hali ya anga ikageuka wasisikike tena. Na ikiwa mmoja hasikiki kwa mwongozaji lakini asikika kwa mwanachama wa mji mwingine, huyo wa kati huomba ruhusa na kuupeleka ujumbe neno kwa neno, pasi na kuongeza wala kupunguza. Naona katika kitendo hiki kidogo kuna insafu kubwa: mwenye mtambo wa thamani humgoja mwenye kidogo, na mwenye sikio zuri hulitoa sikio lake kwa niaba ya mwenziwe.

Katika masafa ya juu zaidi, kati ya megahezi 144 na 146, ambako sauti hazivuki upeo wa macho, wanachama aghalabu hutumia kituo kilichowekwa mlimani ambacho huipokea sauti na kuirusha upya. Hapo kaida ni kuacha nafasi ndogo kila mmoja amalizapo, kabla ya mwingine kubonyeza kitufe, ili mwenye dharura apate upenyo wa kuingia. Wazungumzaji waliozoeana hulisahau jambo hili upesi, maneno yakapandana pasi na pumzi. Na mzee wa chama afanya vyema akiwakumbusha, maana siku ya ajali barabarani upenyo huo wa sekunde mbili ndio atakaoutafuta mtu.

Hewani pia hutokea mtu mkorofi, apigaye miluzi au kutoa matusi makusudi ili avuruge. Dawa yake, ambayo vijana huiona chungu, ni kutomjibu kabisa: asitajwe, asikemewe, wala mkutano usisimame kumjadili, kwa sababu mvurugaji hutafuta kuthibitishiwa kwamba asikika, na kila neno la ghadhabu atupiwalo humpa anachokitafuta. Huendelea watu na shughuli yao, huku wachache wakiandika saa na masafa, na wenye antena za kugeuzwa wakipima sauti yatoka upande gani, ili habari kamili ipelekwe kwa mamlaka ya mawasiliano. Ustadi huo wa kutafuta chimbuko la sauti vyama huufanyia mchezo: huficha mtambo mdogo kichakani, na washindani huusaka kwa miguu, wenye redio za mkononi.

Jambo jingine ninalolihusudu kwa wema ni usawa. Hewani mtu huitwa kwa alama yake na jina lake la kwanza, hata awe nani. Sultan Qaboos wa Oman alikuwa na alama A41AA, na nchini mwake kikaanzishwa mwaka 1972 chama cha kifalme cha redio ya ridhaa; Mfalme Hussein wa Jordan alijulikana dunia nzima kwa JY1, na wengi waliobahatika kuzungumza naye walikuwa mafundi, walimu na wanafunzi. Ili usawa huo usivunjike, sheria na desturi zimeweka mipaka. Sheria za kimataifa zakataza kuyaficha mazungumzo kwa maneno ya siri, na rukhsa hairuhusu tijara, wala kupiga muziki, wala kuwatangazia watu kama kituo cha habari. Na desturi imeongeza kwamba mabishano ya siasa na ya dini yaachwe nje, kwa kuwa asikiaye yu nchi nyingine, chini ya sheria nyingine, na huenda neno moja la mgeni likamponza.

Zaidi ya mazungumzo, chama kina kazi za mikono. Siku ya kusimamisha antena ni siku ya furaha kwa vijana: kwa mkanda wa mita 40 hupimwa waya wa shaba wenye urefu wa kama mita ishirini, hukatwa katikati, kila kipande kikalehemiwa kwenye waya ushukao mtamboni, na ncha zake zikafungwa kwa kamba kwenye minazi miwili. Mkubwa wa kazi hukagua kwanza kwamba hapana nyaya za umeme wa mji karibu, tena hata kamba ikikatika, antena isiweze kuziangukia. Katika hili hapana kujadiliana.

Kisha huja kusikiliza. Duniani kuna mtandao wa mitambo 18 ya ishara, iliyogawanywa mabara mbalimbali, ambayo hutumia masafa yale yale, mathalan megahezi 14.1, kila mmoja kwa sekunde kumi tu, kisha humwachia mwenziwe, na mzunguko wote hukamilika kwa dakika tatu. Kenya ina nafasi yake humo kwa alama 5Z4B. Mtambo hutaja alama yake kwa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa nguvu ya wati 100, wa pili 10, wa tatu moja, na wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Kijana aliyeko Ulaya au Japani akiusikia mlio wa kwanza pekee, hujua njia ya kuja kwetu iko wazi kwa shida. Akiusikia wa nne, hana haja ya mtambo mkubwa kutuita. Huo ndio ujuzi wa kutotumia nguvu zaidi ya haja, na sheria za nchi nyingi zimeuandika kuwa wajibu.

Kila mawasiliano huandikwa daftarini kwa saa ya ulimwengu, na hapa mwanachama wetu ana hesabu ambayo Mzungu hana, kwa kuwa saa nane ya mchana wa Mombasa kwetu huandikwa saa 11 daftarini, na akikosea, kadi atakayompelekea mwenziwe kuthibitisha mazungumzo haitalingana na daftari la mwenziwe. Kadi hizo hupambwa kwa picha ya mji au ya kituo, na kuzijibu ni deni la heshima.

Mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Paul Segal, aliandika maadili ya mwanaredio wa ridhaa katika sifa sita, na mojawapo ni mizani: redio isimzuie mtu kutimiza haki za nyumba yake, kazi yake, masomo yake wala jamaa zake. Sifa hii haina budi kusemwa waziwazi chamani, kwa maana mapenzi ya fani hii ni makali, na mke na watoto wasimjue baba kwa kisogo chake tu.

Faida ya yote haya ilidhihiri Desemba 2004. Bharathi Prasad, bibi mmoja wa India, alikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman pamoja na wenziwe, wamepata idhini ya nadra ya kurusha kutoka huko, na wanaredio wa dunia nzima walikuwa wakigombea kuzungumza nao. Tarehe 26 ikatetemeka ardhi, na bahari ikainuka kwa mawimbi ambayo siku hiyo hiyo yaliua watu mpaka Somalia na pwani zetu za Kenya na Tanzania. Bibi yule na wenziwe wakaacha kuhesabu mawasiliano, wakaigeuza mitambo yao kuwa njia ya habari za wahanga na za jamaa waliotafutana. Nao waliokuwa wakiita kwa pupa jana yake ikawapasa kufunga vinywa na kuyaacha masafa wazi. Kwa shida kama hizo, sehemu yetu ya dunia imetengewa masafa ya kukutania, miongoni mwake megahezi 7.110 na 14.300, ambayo kila mwanachama yampasa kuyahifadhi moyoni.

Kwa hiyo chama chenye akili hufanya mazoezi wakati wa salama. Mmoja husoma ujumbe wa maneno ishirini polepole, akiyatamka majina herufi kwa herufi, na mwingine huuandika kwa kalamu, kisha huyahesabu maneno. Yakizidi au yakipungua, huomba arudiwe, wala haoni haya. Mwenye kutaka kujiunga aulize habari za mtihani na rukhsa kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, na kabla ya kununua kitu chochote aende chamani jioni ya mkutano wa hewani, akae pembeni mwa mwongozaji, apewe daftari na kalamu, na aziandike alama za wanaoitika.